Mpaka Rangi na Uso wa Shangazi Yake

Mwanamke ninayemwelezea hapa hakuwahi kufanya jambo la kuandikwa gazetini. Alikuwa mpaka rangi. Hakupaka kuta wala magari. Alipaka watu wasiokuwepo, wale wa filamu za katuni zinazotengenezwa kwenye kompyuta. Kazini walimwita Dada Rangi, na hata Bosi wao, mtu aliyemzidi umri kwa mbali, alimwita hivyohivyo. Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Mengi ya haya aliniambia mwenyewe, mengine niliyaona kwa macho, na machache niliyapata kwa mfanyakazi mwenzake ambaye hata leo ukimtajia habari hii huangalia chini.

Nyumba yao ilikuwa ya watu watatu. Mkubwa alikuwa Shangazi, dada wa baba yao, mjane mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Yeye ndiye aliyewachukua watoto hawa baada ya wazazi wao kufariki. Wa pili ni Dada Rangi mwenyewe. Wa tatu ni mdogo wake wa kiume, aliyeachwa yatima kabla hajaota meno yote. Shangazi alishinda sokoni akiuza vitambaa, kwa hiyo aliyembeba mtoto yule mgongoni, aliyemfundisha kusoma na kufunga kamba za viatu, na aliyekwenda shuleni kusikiliza mashtaka yake, alikuwa dada yake. Kijana alipomaliza chuo, dada huyohuyo alimbembeleza Bosi mpaka akamwajiri.

Kazini walimbatiza Chapchap. Ukimpa kazi, kabla hujakaa vizuri kwenye kiti ameshaimaliza. Alikuwa kijana mwerevu, mcheshi, asiye na kinyongo, na alilipenda jina lile kupita kiasi. Hapo ndipo ninapoanza kumlaumu. Mtu anayeishi kwa sifa moja tu hujikuta akiilinda hata pale anapopaswa kuiacha ianguke.

Studio yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Madirisha yalifunikwa mapazia meusi ili mwanga wa jua usidanganye rangi kwenye skrini, na feni za kompyuta zilinguruma kutwa, hata watu walizoea kuongea kwa sauti ya juu bila kujua. Kwenye ngazi kulikuwa na harufu ya grisi kutoka dukani. Dada Rangi alikaa karibu na dirisha, Chapchap meza ya pili yake, na kwenye kona alikaa mwanamume mkimya aliyeitwa Mifupa.

Ili kosa lieleweke, lazima kazi yenyewe ieleweke kidogo. Mtu wa katuni ya kompyuta ni mtupu ndani. Ni wavu tu, uliofumwa kwa vipande vidogo vyenye pande nne nne, ukakunjwa ukawa kichwa au mkono. Wavu hauna rangi. Ili upakwe, lazima uchanwe mahali pasipoonekana, nyuma ya masikio au chini ya kwapa, kama fundi cherehani anavyofumua gauni, kisha utandazwe ulale bapa kama karatasi. Mpaka rangi hupaka karatasi hiyo, na kompyuta huirudisha mwilini. Kila kona ya kila kipande ina nukta yake kwenye karatasi, kama inayosema: rangi yangu ichukue hapa. Penye mshono, kona moja hubaki na nukta mbili, ya huku na ya kule. Baada ya vipande kusogezwa na kupangwa upya, nukta hizo zikiachana hata kwa unywele, mstari mweupe hutokea shavuni kama kovu. Dawa yake ni kuzishika mbili mbili na kuziunganisha ziwe moja. Kazi hiyo ya kuchana na kuunganisha ilikuwa ya Chapchap. Rangi ilikuwa ya dada yake. Mifupa, kama jina lake lilivyo, alitia mifupa ndani ya wavu ili katuni itembee na kufungua mdomo.

Walipata kazi ya filamu ya watoto kwa ajili ya televisheni. Ilimhusu bibi mmoja mwenye wajukuu wasiosikia. Bosi alitaka uso wa bibi ambao mtoto akiuona atadhani ameshawahi kuufahamu. Dada Rangi akasema, "Uso huo ninao nyumbani." Jumamosi ile akamkalisha Shangazi kwenye kigoda uani, Chapchap akishika taa, yeye akipiga picha kila upande.

"Kaa wima, Shangazi. Usicheke."

"Nisicheke? Mnanitengenezea kitambulisho au mnanipeleka polisi?"

"Geuza shingo kidogo. Nataka nyuma ya sikio."

"Nyuma ya sikio! Hata marehemu mume wangu hakuwahi kuangalia huko."

Chapchap alicheka hadi taa ikayumba. "Tulia, Shangazi, unakwenda kuwa staa."

"Staa wa nini na meno yamebaki machache hivi? Mwambieni huyo Bosi wenu aniwekee mawili ya mbele, ndiyo nitakubali."

Nilikuwa nikianika nguo upande wangu wa ukuta, nikawasikia wote watatu wakicheka. Nimezisikia nyumba nyingi zikicheka. Ile ilicheka kwa raha.

Dada Rangi aliupaka uso ule kama mtu anayelipa deni la shukrani. Jioni akirudi nyumbani alimshika Shangazi kidevu, akamgeuzia kwenye taa ya jikoni, akatazama jinsi ngozi inavyokuwa nyeusi zaidi kwenye pembe za mdomo na nyepesi chini ya macho. Mikunjo ya midomo aliipaka mmoja mmoja. Aligundua kwamba wavu wa mdomo ulikuwa na vipande vikubwa mno, hauwezi kubeba mikunjo hiyo, akamwomba mdogo wake augawe uwe laini zaidi.

"Dada, vipande vyote hivi kwa bibi mmoja? Kompyuta itatapika."

"Itapike. Mdomo wa mtu mzima haukunjwi kama mfuko wa plastiki."

"Haya, mama mkwe," alisema Chapchap, na akafanya kama alivyoambiwa. Mdomo na macho ya Bibi yakawa na vipande vidogo na vingi kuliko mtu mwingine yeyote kwenye filamu ile.

Kisha ikaja mistari myeupe. Kulikuwa na wajukuu, majirani, mwalimu, muuza duka, mbuzi, na kila mmoja alikuwa na mistari yake penye mishono. Kuunganisha nukta kwa mkono, mbili mbili, mwili baada ya mwili, ni kazi ya kuchosha macho. Chapchap akaandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe. Maagizo yalisema: pita kwenye kila mwili, tafuta nukta zilizokaribiana kuliko kipimo fulani, zifanye moja. Ujanja wote uko kwenye kipimo. Kikiwa kidogo mno, mistari inabaki. Kikiwa kikubwa mno, nukta zisizohusiana zinagandishwa pamoja.

Dada yake alisimama nyuma ya kiti chake akitazama. "Ni nzuri," alisema. "Ila Bibi usimguse mpaka tukae wote wawili. Vipande vyake ni vidogo."

"Nimekusikia, Dada."

Alikuwa amemsikia kweli. Lakini Bosi alipita na kikombe chake cha chai, akaona mistari ikifutika kwenye skrini mwili baada ya mwili, akampiga Chapchap begani. "Kijana, wewe ni moto wa kuotea mbali. Nikirudi nitakuta umewamaliza wote?" Chapchap akasema atawakuta wote. Akaielekeza skripti kwenye folda nzima, Bibi akiwamo, kwa kipimo kilekile alichowapimia watoto na mbuzi. Ilipomaliza akafungua wajukuu wawili, wako safi. Akamfungua Bibi. Mdomo ulikuwa umefungwa, mashavu hayana mstari. Akahifadhi. Dada yake alikuwa meza ya pili, umbali wa kunyoosha mkono. Hakumwambia.

Hapo kilichotokea ni hiki. Kwenye midomo ya Bibi, nukta za mdomo wa juu na za mdomo wa chini zilikaribiana kuliko kile kipimo. Skripti ikazigandisha pamoja, na mikunjo ya macho nayo ikakusanywa rundo. Mdomo ukiwa umefungwa, huwezi kuona kitu.

Kosa hilo mimi nalisamehe. Kila fundi amewahi kukata kitambaa cha mteja vibaya kwa haraka zake. Ninachoshindwa kukisamehe kilikuja baadaye.

Wageni wa televisheni walikuja kutazama kipande cha kwanza. Mifupa alikuwa amefanya kazi na wavu wa kijivu usio na rangi, kama ilivyo kawaida, ili kompyuta isilemewe. Picha kamili zilitoka asubuhi ileile, wageni wakiwa wanapanda ngazi, na hakuna aliyewahi kuzitazama hadi mwisho. Walikaa wote chumba cha mbele. Bibi akatokea mlangoni mwa nyumba yake, mwanga wa asubuhi ukimwangukia usoni, na mgeni mmoja mwanamke akasema taratibu, "Jamani, kama mama yangu." Dada Rangi alisikia. Kisha Bibi akafungua mdomo kumwita mjukuu, na rangi ya midomo ikavutika kutoka juu hadi chini kama ubani uliotafunwa. Kila alipotamka neno, nyuzi za kahawia zilikatiza mbele ya meno. Alipofumba macho, shavu lilipanda likaingia machoni.

"Huyu bibi amekula gundi?" mgeni mmoja aliuliza, na wengine wakacheka. Yule mwanamke hakucheka. Aligeuza uso.

Wageni walipoondoka, Bosi hakumruhusu mtu kutoka. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, lakini siku ile alikuwa ameaibika mbele ya watu, na mtu aliyeaibika hutafuta wa kugawana naye aibu.

"Nani alipaka huu uso?"

"Mimi," alisema Dada Rangi.

"Rangi imevuja mdomoni."

"Naomba dakika nitazame faili, Bosi."

Alikwenda mezani kwake, wote wakimwona kupitia mlango. Akafungua karatasi ya rangi: kila mkunjo upo mahali pake. Akafungua wavu, akasogea karibu na mdomo. Nukta zilikuwa zimekaa rundo, kama punje zilizomwagwa kwenye kona. Rangi haiwezi kufanya hivyo. Kuna kitu kimoja tu kinachofanya hivyo, na alikiona kikiandikwa akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mwandishi wake.

Alirudi chumba cha mbele. Mdogo wake alikuwa akitazama nyaya zilizolala sakafuni.

"Kazi yangu niliikabidhi ikiwa salama," alisema. "Kilichoiharibu kilitokea baada ya hapo. Aliyekifanya hakufanya kwa ubaya. Yuko humu ndani, na atasema mwenyewe."

Alimfungulia mlango. Nataka msomaji alione hilo. Hakumsukuma, hakumtaja, alimfungulia mlango tu na kumwondolea hata lawama, akabaki na kazi moja ndogo ya kupita.

Watu walitazamana. Bosi akamgeukia Chapchap. "Wewe ndiye wa mishono. Kuna kitu umegusa kwa Bibi?"

Mifupa ameniambia kwamba kijana alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Mishono tu, Bosi," alisema. "Na mishono iko sawa. Hakuna mstari."

"Kwa hiyo, Dada Rangi?"

Alimtazama mdogo wake.

"Nauliza, ni nani huyo unayemsema?"

Alinyamaza.

"Bosi," alisema Mifupa, "tungeangalia nakala za zamani kwanza…"

"Nakala gani? Mtu ameharibu kazi, anatafuta wa kumtwika, akitakiwa kutaja jina hana. Miaka yote hii, Dada Rangi! Ungesema tu umekosea, ningekuelewa." Na kwa sababu alikwisha kuwaahidi wageni kwamba hatua itachukuliwa, aliichukua palepale, akamfukuza kazi mbele ya wote.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumtaja. Tulikuwa tumesimama uani, kila mtu upande wake wa ukuta.

"Ningemtaja ningebaki na kazi," alisema, "halafu nisingebaki na mdogo."

Nilimwambia amekosea. Nilimwambia kumficha mtu kosa lake ni kumnyima nafasi ya kuwa mtu. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akaingia ndani. Mpaka leo naamini nilisema kweli, na mpaka leo najuta kuisema siku ile.

Juma lililofuata Chapchap alichukua nakala ya Bibi ya kabla ya skripti, akapunguza kipimo, akaiendesha upya. Mdomo ukafunguka vizuri, kila mkunjo ukisogea mahali pake. Bosi aliita ofisi nzima. "Mnaona? Alipoondoka tu aliyekuwa anaharibu, kazi imenyooka. Huyu kijana ametutoa kwenye maji ya shingo." Akampa usimamizi wa chumba kile, na kiti cha karibu na dirisha.

Nyumbani, Shangazi hakuelezwa kitu. Dada Rangi alisema anapumzisha macho. Lakini Shangazi si mtu wa kudanganyika kwa urahisi. Alimbana kijana siku moja walipokuwa wawili.

"Dada yako kuna nini kazini?"

"Kulikuwa na tatizo la uso wako, Shangazi. Ulitoka vibaya mbele ya wageni, wakasema umekula gundi. Lakini usijali, nimeshautengeneza."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Filamu ilipotoka, sebule ya Shangazi ilijaa majirani. Nami nilikuwepo, nimekaa kwenye mkono wa kochi kwa kukosa nafasi. Bibi alipotokea kwenye televisheni, Shangazi alipiga ukelele. "Huyo mimi! Tazameni hata hicho kidoti cha kidevu! Jamani, kumbe mimi mzuri!" Watu walicheka, watoto wakamtazama yeye, wakatazama televisheni, wakamtazama yeye tena. Alimvuta Chapchap akamkumbatia kichwa. "Mikono yako ibarikiwe, mwanangu." Kisha, kwa utani, kwa mapenzi yake yote, akamgeukia Dada Rangi aliyekuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe. "Na wewe, Mama Rangi! Nimekulea kwa jasho, kumbe ulitaka kunitoa kwa watu nimekula gundi! Bahati yangu mdogo wako yupo."

Sebule nzima iliangua kicheko. Nilimtazama Chapchap. Alicheka pia. Si sana, alicheka kwa kiasi cha mtu asiyetaka kuonekana hacheki.

Dada Rangi aliweka trei mezani, akamgawia kila mtu kikombe chake, hata mdogo wake, akaingia jikoni. Nilisikia maji ya bomba yakimwagika muda mrefu bila sauti ya chombo kinachooshwa.

Utani ule ukawa hadithi ya Shangazi. Kila mgeni aliyekuja alisimuliwa: alivyoharibiwa uso na mmoja na kutengenezwa na mwingine. Dada Rangi alikuwa akitabasamu pale anapopaswa kutabasamu. Alipata kazi kwenye karakana ya viungo bandia, kupaka rangi ya ngozi kwenye mikono na miguu ya plastiki ili ifanane na mwenyewe. Chapchap alihamia chumba cha peke yake lakini alikuja kila Jumapili. Mara kadhaa, aliniambia dada yake, walibaki wawili jikoni, na kijana akaanza, "Dada, unajua…" Yeye akaacha kisu, akamgeukia, akangoja. Kijana akamalizia kwa kuuliza chumvi iko wapi.

Shangazi akaugua. Mapafu yake yalijaa maji, akalazwa, akawa anaongea kwa vipande. Hata pale kitandani alimshika muuguzi mkono akamwonyesha hao wawili. "Yule aliniharibu," alisema akihema, "yule akanitengeneza." Muuguzi akacheka, akamrekebishia mto.

Dada Rangi alimfuata mdogo wake kwenye korido. Ndiyo mara pekee aliyomwomba.

"Mwambie. Mimi siwezi kumwambia, nitakuwa ninakushtaki kwa mgonjwa. Mwambie wewe. Neno moja tu."

Kwa hiyo Chapchap hakuweza tena kujidanganya kwamba dada yake hajui ni nani. Machozi yalimtoka palepale, watu wakipita.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ileile. Mwambie."

"Leo amechoka, Dada. Hawezi hata kukaa. Nitamwambia kesho, naapa."

"Mwambie leo."

"Kesho asubuhi, akiwa na nguvu."

Wakarudi ndani. Akakaa pembeni ya kitanda, akamshika Shangazi mkono, akaupapasa, na hakusema. Asubuhi walikuta kitanda kimeshatandikwa upya. Shangazi aliondoka duniani akiamini kwamba mtoto aliyemshika kidevu kwenye taa ya jikoni kila jioni ndiye aliyemharibu uso.

Wengine wataniambia ni jambo dogo, utani wa mzee na katuni ya watoto. Sikubali. Mtu hana kitu kikubwa kuliko anavyokumbukwa na aliyemlea.

Muda ulipita. Mchana mmoja Chapchap alikuja karakana. Dada Rangi alikuwa amekaa na mkono wa bandia magotini, akitafuta rangi ya kifundo, sampuli za rangi zikiwa zimepangwa kwenye meza. Kijana alikuwa amekonda. Alisimama, hakuketi.

"Dada, nimemwambia Bosi."

"Umemwambia nini?"

"Yote. Kwamba ilikuwa skripti yangu. Kwamba ulinikataza nisimguse Bibi, nikamgusa. Kwamba aliponiuliza nilimdanganya."

Alichovya brashi, akaipangusa pembeni ya kopo. "Akasemaje?"

"Alishangaa. Halafu akasema hayo yamepita, filamu ilitoka vizuri, nisijitese. Alisema nikusalimie."

"Nashukuru. Ulimwambia wapi?"

"Ofisini kwake."

"Mlikuwa na nani?"

"Wawili tu."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Dada…"

"Nauliza tu."

"Ulikuwa umefungwa."

Dada Rangi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea lakini alikuwa bado akiomba asilipate. Yeye alishushwa mbele ya watu wote, na watu hao bado walikuwa wakikaa kwenye meza zao, kila mmoja na anachokijua juu yake. Na mmoja alikuwa kaburini.

"Nifanye nini, Dada? Niambie, nitafanya."

Alimtazama usoni. Aliniambia kwamba alimwona vilevile kama alivyokuwa mdogo, akisubiri aambiwe jibu la hesabu. Na kwamba mkono wake ulitaka kwenda kumshika, ukafika nusu ya njia.

"Sijui, mdogo wangu," alisema. "Mimi nilikulea mpaka pale nilipopajua. Hapa sipajui."

Kijana akajifuta uso kwa kiganja, akaelekea mlangoni.

"Vuta mlango," alimwambia. "Vumbi linaingia kwenye rangi."

Akauvuta. Dada Rangi alisikia hatua zake zikishuka ngazi, zikapita uani, zikaisha. Mkono wa plastiki ulikuwa bado magotini, na rangi ya kifundo haikuwa imepatikana. Alikaa hivyo, haendi mbele wala harudi nyuma, hadi mwenzake wa meza ya jirani alipomwita mara ya pili, ndipo alipoona kwamba brashi imemkaukia mkononi.